Lazima ya nani? Uhakiki wa mjadala wa bima na mimba, Michigan



Mimi kwa kawaida ni msomaji tu. Nachungulia, nacheka, naondoka zangu. Leo naomba nafasi niseme. Jambo lenyewe zito kidogo, na najua wapo watakaolikunjia uso kabla hawajafika aya ya tatu. Naomba tustahamiliane. Sikuja kutoa fatwa juu ya kutoa mimba, elimu hiyo sina na kazi hiyo si yangu. Nimekuja kuhakiki mjadala: maneno yaliyotumika, nani aliyatumia, na yalimfanya nini mtu. Sisi hapa tumezoea kulichukua neno moja la shairi tukaligeuza wiki nzima. Basi naomba tuligeuze na hili, manake hili lilimfikisha mtu kitandani.

Neno lenyewe ni "lazima".

Kwa wasiokaa huku, nieleze kwanza. Marekani watu wengi hupata bima ya afya kwa mwajiri, wengine hujinunulia wenyewe, na wenye kipato kidogo huwekwa kwenye Medicaid, inayolipwa na serikali ya taifa pamoja na ya jimbo. Desemba 2012 Bunge la jimbo la Michigan lilipitisha mswada wa kuzizuia bima za kawaida zisilipie kutoa mimba, isipokuwa kumnusuru mama na kifo. Gavana wa wakati ule, Rick Snyder, naye wa chama cha Republican kama wengi wa waliopitisha, akaukataa. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba haifai kumwambia mwanamke aliyebakwa kuwa alitakiwa ajinunulie bima ya ziada mapema. Shirika la Right to Life of Michigan halikukaa kimya. Liliingia mitaani kukusanya saini likapata zaidi ya 315,000, na katiba ya jimbo inasema sheria iliyoanzishwa kwa saini za wananchi, Bunge likiipitisha, haihitaji tena mkono wa gavana. Tarehe 11 Desemba 2013 ikapita: Seneti kura 27 kwa 11, Baraza la Wawakilishi 62 kwa 47. Machi 2014 ikaanza kazi.

Sheria haikukataza kutoa mimba. Ilisema anayetaka bima imlipie, anunue nyongeza ya peke yake, tena ainunue kabla hajawa na mimba. Akishakuwa nayo, amechelewa. Na nyongeza zenyewe hazikuwa zikiuzwa kama njugu. Kampuni chache ziliwauzia waajiri, lakini mtu aliyejinunulia bima mwenyewe hakuwa na pa kuikuta.

Sasa tuje kwenye lugha. Sheria ililipa jina tendo lile: kutoa mimba "kwa hiari". Halafu ikafafanua hiari ni nini. Kumtoa mtoto aliyekwisha kufa tumboni si hiari. Kutoa mimba ili kumnusuru mama asife si hiari. Mimba inayotoka yenyewe, na iliyotunga nje ya kizazi, nazo zikatolewa. Yaliyobaki karibu yote yakaitwa hiari. Aliyebakwa, hiari. Mwenye saratani aliyeambiwa dawa haziwezi kuanza na mimba ipo, hiari, maadamu kifo hakijabisha hodi. Aliyebeba mtoto asiye na fuvu, hiari. Hivi kwa Kiswahili gani hiyo ni hiari? Hiari tunayoijua sisi ni ile inayoishinda utumwa. Hii hapa ni hiari ya mtu aliyefungiwa milango miwili, mmoja una moto na mwengine una maji, akaambiwa achague kisha ajilipie.

Niwape kisa nilichokiona mwenyewe. Nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane mtu.

Kazi yangu ni ukalimani. Magharibi ya Michigan wapo Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, wanaosema Kiswahili cha kwao, na hospitali zikikwama hutuita. Mwaka 2017 niliitwa kwa mama mmoja, mtu wa Kivu, mimba ya wiki kumi na nane. Alikuwa na watoto wawili na huyu wa tatu walimtaka sana, mumewe alishaanza kuzungumza na jamaa habari ya jina. Chupa ilikuwa imepasuka, maji yamekwisha. Moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda bado. Daktari akaeleza, nami nikatafsiri: umri huu mtoto hawezi kuishi nje, na humo ndani bila maji mapafu yake hayatakua. Mkingoja, upo uwezekano mkubwa wa maambukizi kuingia kwenye kizazi na kupanda kwenye damu. Mkikubali, tunaimaliza mimba leo. Mume na mke wakaomba waachwe peke yao. Nikatoka. Niliporudi macho yao yalikuwa mekundu. Yule mama akaniambia, "Mama, uwaambie tumekubali. Niko na wengine wawili wa kulea."

Mnadhani yaliishia hapo? Akaja mtu wa malipo na karatasi zake. Yule mama alifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupakia matufaha, na bima yake ilitoka kwa huyo mwajiri. Swali likaja: je, bima yenu ina ile nyongeza? Wallahi nilikwama. Miaka yote ya ukalimani nimetafsiri figo, nimetafsiri ini, nimetafsiri habari za misiba, lakini nyongeza ile sikuweza kuitafsiri ikaeleweka. Nikamwambia, wanauliza kama mlipokuwa mnanunua bima mlinunua na ya kutoa mimba. Mume akanitazama kama niliyemtukana. "Dada, nani ananunua bima ya kutosha mimba ya mtoto wake?" (Kwao kutosha ndiko kutoa.) Nikafasiri jibu. Mtu wa malipo akaandika kitu, akataja maelfu ya dola, akauliza watalipaje.

Walirudi nyumbani kungoja. Siku ya tatu homa ikapanda, akarudishwa akitetemeka na maneno yake hayashikani. Sasa daktari aliweza kuandika sentensi ambayo sheria iliitaka, kwamba ni kumnusuru na kifo. Bima ikalipa. Ikalipia chumba cha wagonjwa mahututi, ikalipia damu, ikalipia upasuaji wa kuondoa kizazi. Ilikataa kulipa kidogo ikaja kulipa kingi, na yule mama hatazaa tena. Baada ya wiki kadhaa mumewe alinionyesha barua ya bima. Kiingereza chake si kingi, lakini lile neno la Kiingereza la kutoa mimba alilijua, na kule limeandikwa mara nne. Akaniuliza, "Kwa nini waliandika hivi? Sisi mimba ilitoka."

Hapo kuna somo la lugha. Sisi tunatenganisha: mimba kutoka au kuharibika ni kitu kimoja, kutoa mimba ni kitu kingine. Kiingereza cha madaktari kina neno moja linalobeba yote mawili, na huliongezea sifa tu ili kutofautisha. Wanasiasa wakalichukua neno hilo kutoka hospitalini wakalipeleka Bungeni, likarudi hospitalini limebeba mzigo wa Bungeni. Na chumba alicholala yule mama kilikuwa katikati ya maana zile mbili. Mimba yake ilikuwa inatoka, hapana shaka. Haikuwa imetoka bado. Kwa walioisoma sheria pale, huo ubado ndio uliokuwa hiari.

Nirudi kwenye mjadala wenyewe.

Watetezi wa sheria walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni ya dhamiri. Walisema, mimi naamini huku ni kuua, kwa nini ada yangu ya bima ichangie? Hoja hii siidharau, na wanaoidharau wanakosea. Mtu ana haki ya kuogopa kushiriki katika jambo analoliona dhambi. Lakini angalieni dawa waliyoitoa. Mwenye dhamiri hakutengewa mfuko wake apone. Waliondolewa wengine wote kinga yao, pamoja na wale ambao dhamiri zao zinawaambia kumwacha mama augue mpaka afikie kufa ndiyo dhambi. Dhamiri ya upande mmoja ikawa sheria, ya upande wa pili ikawa bidhaa ya dukani, na duka lenyewe limefungwa.

Hoja ya pili ilikuwa ya kulinganisha. Walisema hakuna apangaye kupata ajali ya gari wala nyumba yake kuingia mafuriko, na bado watu hununua bima za ziada kwa hayo. Hoja hii ilipitapita sana redioni na kwenye magazeti, na nashangaa waliojibu hawakuikamata ilipo na ufa. Kweli, bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipii mafuriko. Lakini sababu ni nini? Mafuriko yakija huja mtaa mzima kwa siku moja, mwenye bima hawezi kuwachangisha waliosalimika wawafidie walioangamia, kwani hakuna aliyesalimika. Tena anayekaa kando ya mto anauona mto. Chupa ya mama hupasuka mmoja hapa, mmoja kule, bila ishara, na wengi husalimika. Hiyo ndiyo hatari ambayo bima iliumbwa kwa ajili yake! Na kuhusu gari, Michigan sheria humlazimisha kila mwenye gari barabarani kuwa na bima. Kama mfano ni gari, basi ilipasa iwe lazima kwa wote. Mfano wao wenyewe unawapinga.

Sasa wapinzani wa sheria. Siku ile ya kura, Seneta Gretchen Whitmer, kiongozi wa wachache katika Seneti, aliweka kando hotuba aliyoiandaa akasema kwamba yeye mwenyewe alibakwa zaidi ya miaka 20 nyuma, alipokuwa chuoni. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na sijui wangapi kati yetu tungeuweza. Wapinzani waliiita sheria ile "bima ya ubakaji", na jina likaganda.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapowauma rafiki zangu. Jina lile lilikuwa kali na lilikuwa kweli, lakini lilimfunika mtu. Mjadala wote ukawa ni mwanamke aliyebakwa dhidi ya mwanamke aliyechagua. Mwanamke mgonjwa, yule aliyeitaka mimba na mimba ikaharibika ndani yake, hakuwa na jina wala kipande cha maneno cha kuonyeshwa kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Wote wawili walimwacha. Upande mmoja ulisema "maisha ya mama" ukadhani umemaliza, na wa pili ukashika ubakaji kwa kuwa ndiyo uliotikisa nyoyo. Na katikati ya kufa na kuwa mzima pana nchi kubwa sana, ndugu zangu. Huko ndiko wagonjwa wanakoishi.

Wenzetu waliosoma chuoni kwa masheikh watanielewa hapa. Wataalamu wa misingi ya fiqhi walipanga mahitaji ya binadamu daraja tatu: dharura, haja, na ya kupamba maisha. Imam al-Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, aliyaeleza kwa marefu. Dharura ni lile ambalo likikosekana maisha huanguka. Haja ni lile ambalo likikosekana mtu hafi, lakini huingia katika dhiki na mashaka. Na wana kanuni kwamba haja kubwa huweza kushushwa mahali pa dharura. Sisemi kanuni hizo zinahukumu nini katika mimba, hilo waulizwe wenyewe, nao wana ikhtilafu zao. Mimi naazima mizani tu. Maneno haya mawili yamo katika Kiswahili chetu cha kila siku, dharura na haja, mtoto mdogo anayatofautisha. Sheria ya Michigan ilikuwa na daraja ya kwanza na ya tatu. Kifo, au pambo. Daraja ya kati iliondolewa, na wagonjwa wengi wa daraja hiyo wakatupwa kwenye mapambo.

Na msidhani ilisahauliwa. Iliondolewa kwa makusudi, tena zamani. Mwaka 1976 Congress ilipitisha Kipengele cha Hyde, kinachozuia fedha za serikali ya taifa, hasa za Medicaid, zisilipie kutoa mimba. Kipengele hicho hupitishwa upya kila mwaka na maneno yake yamebadilika mara nyingi. Kuna wakati, mwishoni mwa miaka ya 1970, kilikuwa na ruhusa kwa mama ambaye mimba ingempatia madhara makubwa na ya kudumu ya mwili, wakithibitisha madaktari wawili. Hiyo ndiyo haja yenyewe! Mwaka 1979 maneno hayo yakafutwa. Ya waliobakwa na waliozini nao maharimu wao yakafutwa 1981, yakarudi 1993. Ya afya hayakurudi.

Mwaka 1980 kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, Harris dhidi ya McRae. Swali lilikuwa wazi kabisa: mimba ambayo daktari anasema ni lazima kitiba itolewe, je, Medicaid inaweza kukataa kuilipia hali inalipia matibabu mengine ya lazima? Kwa kura 5 kwa 4 mahakama ikasema inaweza. Jaji Stewart aliandika kwamba serikali haidaiwi kuondoa kikwazo isichokiweka yenyewe, na umaskini wa mwanamke ni kikwazo cha namna hiyo. Someni tena. Mahakama haikusema matibabu hayo si ya lazima. Ilisema ni ya lazima, na bado si lazima yetu. Ndiyo maana nikauliza pale juu: lazima ya nani?

Linganisheni na Kenya. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 26(4), inaruhusu pale panapohitajika matibabu ya dharura au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, kwa maoni ya mtaalamu wa afya. Utekelezaji wake una vita vyake, najua, na si habari ya bima. Lakini angalau neno "afya" limeandikwa, limesimama peke yake pembeni ya "maisha". Mwanasheria wa mgonjwa ana pa kushika.

Jambo jingine lililopita bila kusemwa. Kampuni kubwa Marekani nyingi hazinunui bima, zinajilipia zenyewe matibabu ya wafanyakazi, na mipango hiyo iko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974. Sheria ya jimbo haiigusi. Maana yake yule mama angekuwa kazini kwenye kiwanda kikubwa chenye mpango wa namna hiyo, sheria ya Michigan isingemkuta. Chupa ileile, wiki zilezile, daktari yuleyule. Sheria iliyodai kusimamia uhai ikaishia kutenganisha wanawake kwa ukubwa wa mwajiri.

Mtaniuliza, yote hayo si yamepita? Kwa upande mmoja, yamepita. Juni 2022 Mahakama Kuu ilipofuta Roe, Michigan wananchi walipiga kura Novemba mwaka uleule wakaiweka haki ya uzazi kwenye katiba ya jimbo, kwa takriban asilimia 57. Whitmer, ambaye alikuwa gavana tangu 2019, aliweka saini ya kuifuta sheria ile ya nyongeza Desemba 2023, miaka kumi baada ya kuipinga. Nilifurahi. Lakini katika mashauriano ya mwaka huohuo, marufuku ya Medicaid ya Michigan, iliyopigiwa kura tangu 1988, iliachwa ilivyo kwa sababu kura za kuifuta hazikutimia. Mwenye kazi nzuri alifunguliwa mlango. Maskini akaambiwa asubiri, kama 1980.

Na mjadala? Haukujifunza. Katika majimbo yaliyopiga marufuku tangu 2022, wanabishana upya juu ya neno lilelile, mama awe mahututi kiasi gani ndipo iwe lazima. Wanasheria wanaandika, madaktari wanasoma na wanasheria pembeni yao, na mgonjwa yuko kitandani anapimwa joto.

Ombi langu kwenu, wasomi wa lugha, ni dogo. Mkiulizwa huko mliko, msikitini, kanisani, kwenye harusi, "nyie mnaunga mkono au mnapinga?", msijibu upesi. Ulizeni kwanza: lazima ipi, na anayeipima ni nani, aliyeshika mkono wa mgonjwa au aliyeshika karatasi? Mtu anaweza kuchukia kutoa mimba kwa moyo wake wote na bado akaona kwamba homa si kipimo cha haki. Mimi ni mmoja wao, kama mlikuwa hamjajua.

Yule mama bado tunaonana sokoni. Hunisalimu vizuri, huniuliza watoto. Safari moja aliniuliza kama siku ile nilitafsiri sawasawa, au labda mimi ndiye sikuelewa walichotaka wale watu wa malipo. Nikamwambia nilitafsiri sawasawa, mama. Akatikisa kichwa. Nadhani angependa lingekuwa kosa langu, ingekuwa rahisi kulisamehe.

Ni hayo tu. Nilipoteleza nisahihisheni, hasa wanasheria wetu.

Wenu, mkalimani wa Tanga aliyeko Michigan.